Ua la Majabalini: Namna ya Kulitambua na Mahali Linapoishi

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia vya Kaloleni, Chonyi na Mwarakaya. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)

  Tunajua ni wakati wa palizi, na magugu hayangojei mkutano, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Mmezoea kutuona tukija hapa na habari za mbuzi wa maziwa, vyoo, matangi ya maji na vitabu vya hesabu. Leo tumekuja na habari ya ua. Katibu wa kikundi kimoja, tulipomweleza, alicheka akatuuliza, "Ua? Kwani litaliwa?" La, haliliwi. Lakini tusikilizeni kidogo.

Hebu tazameni mmea huu ulio ndani ya chungu. Upitisheni mkono kwa mkono, kila mtu auone, ila msiyafinye majani. Tuliununua Mombasa kwa mwuza maua, na bei yake ingetosha kuku wa kienyeji aliyenona. Mmea wa namna hii huwekwa dirishani katika nyumba za Ulaya na Marekani, na huko huuzwa kwa mamilioni. Wao huuita violeti ya Afrika. Sasa, kwao asili ni wapi? Si Ulaya. Asili yake ni milima na majabali ya mashariki ya Tanzania na upande huu wetu wa Kenya, na aina yake moja iko katika mawe haya haya ya chokaa mnayoyapita mkienda kutafuta kuni. Wengine wenu mmepita karibu nayo tangu utotoni.

Mtauliza ulifikaje huko madirishani. Mwaka wa 1884 Sir John Kirk alipeleka vipande vilivyokaushwa vya mmea huu katika bustani ya Kew, London. Mwaka wa 1887 Mchungaji W. E. Taylor, mmisionari aliyekaa pwani hii akajifunza Kiswahili na Kigiriama vizuri sana, akapeleka vingine. Vipande hivyo havikuwa vizuri, wataalamu hawakuweza kuueleza mmea kwa kuvitazama, basi vikabaki hivyo. Ndipo mwaka wa 1892 ofisa mmoja wa Wajerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, akauona mmea huo, akapeleka mbegu kwa babake Ujerumani. Baba alikuwa mpenda mimea. Akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, na huyo mwaka wa 1893 akauandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Saintpaulia ni kwa heshima ya watu wa nyumba ya yule ofisa, na ionantha ni kwa sababu maua yake yanafanana na violeti za kwao. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles wakaagiza mbegu, wakachagua mimea iliyowapendeza, na kutoka hapo biashara ikaenda mbio. Sisi hatujasikia senti moja ya biashara hiyo iliyorudi Tanga wala Kaloleni.

Aina ya kwetu inaitwa rupicola, yaani mkaaji wa majabali. Zamani iliandikwa Saintpaulia rupicola. Siku hizi wataalamu wameihamishia katika kundi la Streptocarpus, wakaifanya tawi la ile ionanthus. Msisumbuke na majina hayo. Mkipata jina lake kwa mzee wa kwenu, hilo liandikeni mtuletee, tutalithamini kushinda la Kilatini. Neno la kukumbuka ni moja: katika hesabu ya dunia ya mimea inayotoweka, aina hii yetu imewekwa miongoni mwa zile zilizo katika hatari kubwa kabisa. Makao yake ni majabali machache tu. Jabali moja likiharibiwa, hiyo si hasara ndogo.

Sasa tuje kwa kulitambua, maana hapo ndipo watu hukosea.

Kwanza sahauni ukubwa wa huu wa chungu. Huu umelishwa ukanona. Wa jabalini ni mdogo, umebanwa na jiwe, maua yake ni machache, na rangi ni moja tu, buluu hafifu inayoelekea zambarau. Yale meupe, mekundu, au yaliyojikunja kama kitambaa cha harusi, hayo yote ni kazi ya watu.

Anzeni na majani, kwa sababu maua hayapo kila siku. Majani hutoka mahali pamoja na kuzunguka kama sahani, au kama kabichi changa kabla haijafunga kichwa. Hakuna shina refu. Mmea mzee unaweza kuwa na shingo inayolala juu ya jiwe, na vichwa viwili vitatu vimebanana, lakini haunyanyuki kama mchicha. Kila jani lina kikonyo chake kinene chenye maji. Jani lenyewe ni la mviringo au umbo la yai, ni nene kidogo, na halifiki ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Pitisha kidole juu yake: lina manyoya laini, kama sikio la mwanambuzi. Likivunjika halitoi utomvu mweupe.

Maua yakiwepo kazi ni rahisi. Vijiti vyembamba huinuka kati ya majani, kila kimoja na maua machache. Ua lina sehemu tano. Mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa. Katikati kuna vifuko viwili vya manjano vilivyoshikana, na humo ndimo mlimo chavua. Karibu na vifuko hivyo kuna kijiti kimoja chembamba sana. Kitazameni vizuri: hakikusimama katikati. Kimelalia upande, kushoto katika ua hili, kulia katika ua lile. Yule mama aliyeshika chungu sasa hivi anatikisa kichwa, ameshakiona. Hiyo ni alama nzuri, tena watoto huipenda.

Ua hili halina asali. Nyuki anayelitembelea hupata chavua tu, na kuipata lazima ang'ang'anie vile vifuko na kuvitingisha kwa mvumo wa mwili wake, ndipo chavua imwagike. Kazi hiyo hufanywa na nyuki wa porini, wale wanaoishi mmoja mmoja bila mzinga. Mtaalamu wetu Mkenya, Dino Martins, alichapisha mwaka wa 2008 habari za wadudu aliowaona wakiyatembelea maua ya violeti ya Afrika huko vilima vya Taita. Tunalitaja hili kwa sababu baadhi yenu mnapuliza dawa za kuua wadudu kwenye mboga zilizo chini kabisa ya majabali. Dawa haimchagui mdudu. Baada ya nyuki kuja, tunda ni kifuko kidogo kinachokauka, na mbegu ndani yake ni laini kama ugoro.

Kuna mimea inayowachanganya watu. Unaosumbua zaidi ni ule wa jamii ya kivumbasi, ambao pia una majani ya manyoya na hupenda mawe. Ushike shina: lina pembe nne, na majani yamekaa mawili mawili yakitazamana. Fikicha jani unuse. Lina harufu kali. Ua letu halina shina la namna hiyo, wala halinuki. Kisha kuna yale maua ya kando ya vijito yenye mashina ya maji maji, ambayo ua lake lina mkia mdogo nyuma, na vifuko vya mbegu hupasuka ukivigusa. Watoto huchezea hayo. Si yenyewe. Ile mimea mingine yenye majani manene yanayong'aa, yasiyo na manyoya, inayokaa juu ya mawe katikati ya jua, hiyo msiihangaikie kabisa.

Na hilo la jua ndilo kubwa. Mahali penyewe panakuambia nusu ya habari kabla hujaona jani. Mtu akikuletea habari kwamba ameliona katikati ya mahindi, jua likiwaka, mshukuru, lakini usifunge safari.

Mawe haya ya Kambe, Jibana, Chonyi, Mwarakaya na Cha Simba yalikuwa chini ya bahari zamani mno, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Ndiyo sababu wavunja mawe hukuta makombe na matumbawe ndani yake, huku bahari iko mbali. Mvua imeyatafuna polepole, yakawa na nyufa, mapango na ncha kali kama shoka. Msitu ukayashika, mizizi ya mikuyu ikateremka nyufani kutafuta udongo. Mahali pa ua letu ni uso wa jabali usiopigwa na jua la mchana. Linakaa katika kimfuko cha udongo mweusi wa majani yaliyooza, na wakati mwingine udongo huo hauzidi upana wa kidole. Mara nyingi utalikuta pamoja na lile zulia la kijani linaloota juu ya mawe yenye unyevu. Ukiona zulia hilo, punguza mwendo, tazama kwa makini.

Mtu anaweza kuuliza, mbona mmea uache udongo mzuri wa bondeni ukateseke juu ya jiwe? Ni kwamba bondeni ungeshindwa. Magugu marefu yangeufunika, na majani yanayoanguka kila siku yangeuzika. Juu ya jabali lililosimama wima majani huteleza yakaanguka, na mimea mikubwa haipati pa kushika. Mdogo huyu anapata nafasi pale wakubwa waliposhindwa.

Lakini jiwe peke yake halitoshi. Kinachoushikilia uhai wake ni kivuli. Chini ya miti, jabali hufanya kazi kama mtungi wa maji: linaloa, linakaa na ubaridi, linatoa unyevu wake kidogo kidogo. Ondoa miti, na jiwe lile lile linakuwa kikaango. Hata chini ya kivuli, kiangazi huusumbua mmea. Majani hulegea na kulala juu ya jiwe kama kitambaa kilicholowa. Ukiyaona hivyo usiseme umekufa ukaenda zako. Mvua ikinyesha, rudi utazame.

Hapa tuna jambo la kuungama.

Mwaka wa 2009 tulisaidia kikundi kimoja cha akina mama kuanzisha kitalu cha miche. Maji yalikuwa karibu, udongo ulikuwa mzuri, na mahali penyewe palikuwa chini ya jabali lenye msitu mdogo. Shida ilikuwa kivuli. Miche ilirefuka ikawa myembamba kama nyuzi. Sisi ndio tuliosema ile miti ya juu ikatwe. Hakuna aliyetulazimisha. Mzee mmoja alisimama akatuambia, "Jabali hili mkilivua nguo, mtaliona." Tukaandika katika ripoti yetu kwamba wazee wa mahali hapo bado wana imani za kale zinazozuia maendeleo. Ripoti hiyo tunayo mpaka leo, na tukiisoma tunaona haya.

Miche ilistawi, hilo hatukatai. Kaskazi ilipokuja, na lile jua la Januari na Februari, uso wa jabali uligeuka rangi. Yale majani ya manyoya, ambayo hakuna kati yetu aliyeyajali, yalikauka yakawa kama tumbako. Tulidhani ni magugu yamekufa. Mwaka uliofuata alikuja mgeni anayejua mimea, akatuuliza kama tumewahi kuona jani la namna hii, akalichora kwenye daftari. Mama mweka hazina akamtazama, akasema, "Hilo lilijaa hapo nyuma ya kitalu." Tukaenda wote kutafuta. Tulipanda, tukashuka, tukachungulia kila ufa. Hata moja.

Kilichotuokoa ni mtoto. Binti wa mama huyo, kabla miti haijakatwa, alikuwa ameng'oa mmea mmoja akaupanda kwenye kigae cha mtungi uliovunjika. Alikiweka upenuni karibu na maji ya kunywa, kwa sababu tu ua lake lilimpendeza. Ulikuwa hai. Kwa majani ya mmea huo tulijifunza kuuzalisha. Tulipanda miti tena juu ya jabali, tukangoja kivuli kirudi, na kungoja kivuli si sawa na kungoja mahindi. Mwaka wa 2016 tulirudisha mimea ishirini kwenye nyufa zile zile. Baada ya viangazi viwili ilibaki saba. Kikundi kilifurahi, na sisi tulifurahi, lakini tulijua vizuri jabali lile lilivyokuwa mwanzo.

Kuuzalisha ni rahisi kushinda mnavyodhani. Chukua jani moja lililokomaa, lisiwe zee, pamoja na kikonyo chake. Kata kikonyo kwa wembe, kibaki urefu wa nusu kidole. Changanya mchanga safi na mboji iliyochekechwa, tia ndani ya kopo lenye matundu chini, ingiza kikonyo, jani libaki nje. Funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa katikati ili unyevu usitoke. (Zamani tulifundisha kutumia mfuko wa plastiki. Hiyo iacheni, mifuko ilipigwa marufuku mwaka wa 2017.) Weka kopo kivulini penye mwanga. Kipimo chetu ni barua: kama mchana unaweza kuisoma mahali hapo bila kukunja macho, panafaa. Baada ya wiki tatu au nne jani hutoa mizizi. Miezi miwili au mitatu ikipita, utaona watoto wakichungulia kutoka udongoni, na jani moja linaweza kukupa kadhaa. Watenganishe wakiwa na majani manne au matano. Maua yanataka subira zaidi, miezi mingine sita au zaidi.

Maji ndiyo huua mimea hii majumbani, yaani maji mengi. Tena usiyamwage juu ya majani, yatatoka madoa. Weka kopo ndani ya sahani ya maji kwa nusu saa, liondoe, basi. Lisikae hapo kutwa kucha kama nguo iliyosahauliwa kwenye karai.

Jambo moja tunaliomba kwa nguvu. Mmea wa dukani kama huu wa chungu msiupeleke jabalini, hata kwa nia njema. Huu umechanganywa na aina nyingi kwa zaidi ya miaka mia moja. Ukikaa karibu na ule wa asili, nyuki atachukua chavua huku na kule, na watoto watakaozaliwa hawatakuwa tena wale wa mahali hapa. Ni kama kumleta jogoo wa gredi katikati ya kuku wa kienyeji kisha ukataka mbegu ya kienyeji ibaki safi. Wa dukani ukae upenuni.

Kijana mmoja pale nyuma, anayefanya kazi kwenye timbo, ametuuliza swali ambalo tungekuwa waoga kama tungelikwepa. Amesema, "Lori la mawe nalipwa leo. Ua litanilipa lini?" Swali lake ni la haki. Ana watoto, na karo haingoji. Hatutamdanganya kwamba kuna mtu anakuja kesho na pesa za ua. Tunayoyajua ni haya. Huko Gede, mradi wa Kipepeo tangu 1993 umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza nje ya nchi, na mtaji wao ni ule msitu kubaki umesimama. Kule Diani, watu wa Kaya Kinondo wanawatembeza wageni msituni kwa malipo, kwa masharti ya wazee. Hayo hayakuanza kwa siku moja, na hayafai kila mahali. Kikundi kinachozalisha mimea ya upenuni na kuuza Mombasa kitapata kitu kidogo, si cha kujenga nyumba ya mawe.

Ombi letu kwa watu wa timbo ni dogo. Majabali si sawa yote. Lile ambalo miti yake iliisha zamani, limekaa juani miaka mingi na halina kitu nyufani, hilo sisi halitutii wasiwasi sana. Lile lenye msitu juu yake na zulia la kijani ubavuni ndilo tunalolilia. Kabla nyundo haijaanza, mtu mmoja anayelijua jani hili alizunguke. Akilikuta, jabali hilo liachwe pamoja na miti yake, maana kuliacha jabali na kukata miti ni kazi bure. Sisi tumeshaifanya kazi hiyo bure.

Wako pia wanaokuja na mikoba. Wageni, wengine na kamera nzuri na maneno matamu, wanataka kung'olewa mmea mmoja tu, miwili tu, na kijana anapewa pesa ya soda. Muulizeni karatasi. Kwa kanuni za NEMA za mwaka wa 2006, mtu anayetaka kuchukua mimea ya nchi hii kwa utafiti au kwa faida inayotokana na uzao wake lazima awe na kibali, na wenye mahali lazima wawe wamekubali kwanza. Tena kanuni hizo zinataka faida igawanywe. Mwaka wa 1892 hakukuwa na wa kumuuliza ofisa yule karatasi. Sasa mko ninyi.

Na pale ambapo msitu ni kaya, ruhusa ni ya wazee wa kaya pamoja na Makumbusho ya Taifa. Kaya zilianza kutangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu za taifa mwaka wa 1992, na mwaka wa 2008 baadhi yake zikaingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Kuna waliotuuliza kwa sauti ya chini, ninyi watu wa kanisa mnawaendeaje wazee wa kaya? Tunawaendea kwa miguu, tunapiga hodi. Panga halikuingia katika misitu ile kwa sababu wao walilikataza, wakati sisi tulikuwa tukiandika ripoti.

Wenzetu wa Taita, ambao gazeti hili linawafikia, msidhani tumewasahau. Ninyi mna lenu. Linaitwa teitensis, ni la msitu wa Mbololo, na halioti kwa asili mahali pengine popote duniani. Jiwe lake si la chokaa, na linakaa juu mlimani penye ukungu, lakini tabia yake ni ile ile: jabali, kivuli na unyevu. Nalo limo katika hatari kubwa kama hili letu.

Basi, tumepatana hivi. Jumamosi tutakwenda majabalini, saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda. Kila kikundi kilete watu wawili, mzee mmoja anayejua njia na kijana mmoja mwenye macho mazuri. Wenye jabali wameshaarifiwa. Vaeni viatu vya kufunika vidole, mawe yale yanakata. Panga zibaki nyumbani. Leteni daftari, muandike jabali liko wapi, uso wake unaelekea wapi, ni miti gani iliyo juu yake, na mmehesabu mimea mingapi. Mtu asing'oe. Daftari hizo zikae kwa makatibu wenu, zisibandikwe ukutani wala kupigwa picha na kutumwa kwenye simu, maana wenye mikoba nao wana simu.

Chungu chetu kimefika wapi? Kiko kwa wale akina mama wa nyuma. Tunaona jani moja limevunjika. Si neno, mama, usione aibu. Nenda nalo nyumbani ukalipande. Upenuni, lakini.